Maswali ya Wasomaji: Jitu la kijani na suruali isiyochanika

Toleo lililopita tulimtaja Hulk, jitu la kijani ambalo mwanasayansi Bruce Banner hugeuka, kwa mistari mitatu tu, ndani ya orodha ya majitu ya katuni, na barua zikatumiminikia kama mvua ya masika. Tumechagua hizi. Zilizofanana tumeziunganisha, na matusi ya mashabiki wa Superman tumeyaweka kando.

Hapa mtaani tuna vibanda umiza vitatu. DJ wa kwanza anasema Banner alipigwa na bomu. Wa pili anasema alijifanyia mwenyewe maabara. Wa tatu anasema ni urithi wa baba yake. Nani anatupiga fiksi?
*Msomaji, Manzese*

Hakuna. Kila mmoja anatafsiri mkanda wake, na kila mkanda una asili yake.

Ya bomu ndiyo ya kwanza. Imo katika katuni ya Mei 1962 iliyoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby. Dk. Bruce Banner anatengeneza bomu la gama, yaani la mionzi mikali, kwa ajili ya jeshi la Marekani. Siku ya majaribio jangwani, kijana aitwaye Rick Jones anaingia na gari katika eneo lililokatazwa kwa sababu wenzake wamemtia ujinga. Banner anakimbia kumtoa na kumsukumia mtaroni. Yeye mwenyewe hawahi, kwa kuwa msaidizi wake Igor, ambaye ni jasusi wa Urusi, ameacha hesabu ya kulipua iendelee makusudi.

Ya maabara ni ya tamthilia ya televisheni iliyoanza Novemba 1977. Humo hakuna bomu wala jasusi. Mke wa Banner amekufa kwenye ajali ya gari na yeye akashindwa kumtoa, ilhali amesikia watu wengine wakipata nguvu za ajabu za kuinua gari ili kumwokoa mpendwa wao. Anatafuta siri ya nguvu hizo, anajimulika mionzi ya gama, na dozi inakuwa kubwa kuliko alivyodhani kwa sababu mashine imeongezewa nguvu bila yeye kujua.

Ya urithi ni ya filamu ya 2003 iliyoongozwa na Ang Lee. Baba yake alijifanyia majaribio, akamrithisha mtoto kitu mwilini, na miaka mingi baadaye ajali ya mionzi ikakiamsha. DJ wa nne akitokea, huenda akawaambia kuwa ni mradi wa jeshi wa kutengeneza askari wenye nguvu zisizo za kawaida. Naye atakuwa sahihi: hiyo ni filamu ya 2008, yenye Edward Norton kama Banner.

Kijiweni tumewekeana dau la soda kreti nzima. Mimi nasema Hulk alianza akiwa kijivu. Mwenzangu amekuja na toleo la kwanza lenyewe kwenye simu, na humo ni wa kijani. Nilipe?
*Msomaji, Temeke Mikoroshini*

Usilipe. Kalipwe wewe.

Stan Lee alitaka rangi isiyomhusisha jitu huyu na watu wa taifa lolote, akachagua kijivu. Tatizo likaja kwenye mashine. Vitabu vya katuni vya wakati ule vilichapwa kwa wino wa rangi nne kwenye karatasi nyepesi ya gazeti, na kijivu kilipatikana kwa kupanga nukta za wino wa rangi mbalimbali zikae karibu karibu. Kijivu ni rangi yenye wivu: wino mmoja ukizidi kidogo tu, au karatasi ikinywa zaidi, chote kinaelemea upande huo. Ndiyo maana katika toleo lile lile Hulk ni kijivu ukurasa huu, karibu mweusi ukurasa ule, na kwingine ana kivuli cha kijani. Mtia rangi wa katuni hiyo, Stan Goldberg, alilalamika kuwa rangi ile haikamatiki. Toleo namba 2 likatoka na jitu la kijani, na kijani kikabaki.

Sasa huyo mwenzako. Hakughushi kitu. Hadithi ya kwanza iliporudiwa kuchapwa miaka iliyofuata, mara nyingi walimpaka kijani ili afanane na yule ambaye wasomaji walikuwa wanamjua. Alicho nacho kwenye simu ni marudio. Dalili ni rahisi: jalada la mwaka 1962 lina bei ya senti 12 na halina msimbo wa mistari ile ya kusomwa na mashine dukani, kwa kuwa mistari hiyo ilianza kuonekana kwenye katuni katika miaka ya 1970. Ukiletewa nakala ya karatasi, tazama rangi kwa kioo cha kukuza. Nukta zikionekana wazi na karatasi ikiwa imegeuka rangi ya chai pembeni, endelea kuichunguza. Ikiwa ni nyeupe, nzito na inateleza, hiyo ni ya juzi.

Kijivu chenyewe kilirudi 1986, toleo namba 324, na safari hii kwa sababu ya hadithi, si ya wino. Mwandishi Peter David, aliyeshika katuni hiyo kuanzia 1987 kwa takriban miaka 12, akamfanya Hulk wa kijivu kuwa mtu mwingine kabisa: mdogo wa umbo kuliko yule wa kijani, mjanja, mwenye suti, mbabe wa kasino mjini Las Vegas kwa jina la Joe Fixit. Kama hujasoma sehemu hiyo, anza hapo. Ni bora kuliko filamu nyingi.

Ni kweli anageuka akikasirika tu? Kuna katuni nimeona anageuka jua likizama.
*Mwanafunzi, Kimara*

Ni kweli umeona. Katika toleo la kwanza alikuwa kama zimwi la hadithi za bibi: giza linaingia, anatoka, na alfajiri anarudi kuwa mtu. Hilo liliwabana waandishi, maana kila pambano lilipaswa kungoja usiku. Baadaye wakajaribu mashine ya gama ambayo Banner anajiwashia mwenyewe. Hasira kama swichi iliimarika mwaka 1964, Hulk alipopewa nafasi ya kudumu katika jarida la Tales to Astonish. Kabla ya hapo katuni yake mwenyewe ilikuwa imefungwa baada ya matoleo sita tu.

Kwenye skrini swichi hubadilika tena. Televisheni ilisema hasira au maumivu. Mara ya kwanza Banner anageuka ni usiku wa mvua, gari limepata pancha, spana inamponyoka na kumuumiza mkono. Mwenye gari bovu barabara ya Morogoro mwezi wa Aprili hahitaji kuelezwa zaidi. Filamu ya 2008 ilitumia mapigo ya moyo, ndiyo maana Norton anavaa saa ya kuyapima na anajifunza kupumua taratibu. The Avengers ya 2012 iligeuza meza: Banner anafichua kuwa hasira anayo wakati wote, na anachofanya ni kuifungulia mlango.

Kwa nini kwenye tamthilia ya zamani anaitwa David wakati jina lake ni Bruce?
*Mzee wa Magomeni*

Shikamoo mzee. Aliyetengeneza tamthilia ile, Kenneth Johnson, hakupenda majina ya katuni yanayoanza kwa herufi moja, Bruce Banner, Peter Parker na kadhalika. Aliyaona ya kitoto kwa kipindi cha watu wazima. Stan Lee kwa upande wake aliyatumia kwa sababu yalimsaidia kukumbuka. Hata hivyo alisahau: kuna toleo alilomwita "Bob Banner", na baada ya wasomaji kulalamika ikabidi ielezwe kuwa jina kamili ni Robert Bruce Banner. Filamu ya 2003 ilimpa baba yake jina David, bila shaka kwa heshima ya tamthilia.

Umeuliza pia kama jitu na daktari walikuwa mtu mmoja. Hapana. Bill Bixby alicheza Banner, na Lou Ferrigno, mnyanyua vyuma, akacheza jitu, kwa rangi ya kijani iliyopakwa mwilini, nywele za bandia na lenzi machoni. Mwanzoni alichukuliwa Richard Kiel, ambaye alikuwa mrefu kuliko Ferrigno lakini hakuwa na misuli ya kutosha. Ukikodoa macho kwenye filamu ya ufunguzi kuna picha moja yake iliyosahaulika ndani. Tamthilia iliisha 1982, zikafuata filamu tatu za televisheni: 1988, 1989 na 1990.

Nataka kuangalia zote wikiendi moja. Nipangieni.
*Msomaji, Sinza*

Wikiendi moja hazitoshi, labda usilale. Filamu ya 2003 (dakika 138) iangalie peke yake, maana haiungani na nyingine yoyote. Kisha fuata mstari huu: The Incredible Hulk ya 2008 (dakika 112), The Avengers ya 2012 (143), Age of Ultron ya 2015 (141), Thor: Ragnarok ya 2017 (130), Infinity War ya 2018 (149) na Endgame ya 2019 (181). Hapo ni dakika 856, yaani zaidi ya saa 14 bila kwenda msalani. Halafu She-Hulk, vipindi tisa vya 2022, kuhusu binamu yake wakili. Mwisho Captain America: Brave New World ya 2025, ambamo Harrison Ford anageuka Hulk mwekundu. Ford anacheza Jenerali Ross, mwanajeshi aliyemwinda Hulk kwa miaka mingi, nafasi aliyokuwa nayo William Hurt hadi alipofariki mwaka 2022.

Usishangae kuona uso wa Banner umebadilika kutoka Norton kwenda Mark Ruffalo katikati ya njia. Ni mtu yule yule katika hadithi. Na kwenye Age of Ultron, mji ambao Hulk anaubomoa ni Johannesburg, na baadhi ya picha zilipigwa huko huko.

Wengi mmeuliza kwa nini tangu 2008 hajapata filamu yake peke yake. Sababu ambayo imetajwa kwa miaka mingi ni ya mikataba: haki za kusambaza filamu ya Hulk pekee zilikuwa kwa studio ya Universal, wakati haki za kumtumia ndani ya filamu ya kundi zilikuwa kwa Marvel, kampuni yenye katuni zake. Ndiyo maana hadithi yake ya gladieta kwenye sayari ya mbali, iliyotoka kwenye katuni za 2006, imeingizwa ndani ya filamu ya Thor kama abiria wa daladala aliyesimama.

Mwanangu ana miaka minane na anataka kila kitu cha Hulk. Nimruhusu?
*Mama, Kigamboni*

Mama, filamu nyingi tulizozitaja zilipewa Marekani daraja la tahadhari kwa walio chini ya miaka 13, kwa ajili ya mapigano. Kaa naye. Katuni za vibonzo vya televisheni hazina shida. Lakini ukiona vitabu vinavyoitwa The Immortal Hulk, vya 2018 hadi 2021, viweke juu ya kabati. Hizo ni hadithi za kutisha kwelikweli, miili inapasuka na kujiunga upya, na ni za watu wazima.

Tuko vijana sita, tunatengeneza filamu fupi ya jitu la kijani kwa simu. Tulinunua kitambaa cha kijani ili tubadilishe mandhari ya nyuma. Programu ikafuta kitambaa, na jitu letu nalo likafutika, yakabaki macho na suruali. Tufanyeje?
*Kikundi, Mbagala Rangi Tatu*

Poleni, tumecheka lakini poleni. Programu haijui jitu ni nani. Imeambiwa ifute kijani, imefuta kijani. Mkiwa na mtu wa kijani, kitambaa kiwe cha buluu iliyokolea. Vitambaa vingi vina upana wa mita 1.5 hivi, kwa hiyo nunueni mita 8, kateni vipande viwili sawa, fundi aviunganishe ubavu kwa ubavu: mtapata mita 3 kwa 4. Kipigwe pasi, maana kila mkunjo ni kivuli na kila kivuli programu inakiona kama rangi nyingine. Jitu lisimame mita 2 mbele ya kitambaa ili rangi ya kitambaa isimrudie mabegani. Buluu inahitaji mwanga mwingi kuliko kijani, la sivyo picha inajaa chenga. Na suruali ya zambarau, ile maarufu ya kwenye katuni, msiivae hapo: zambarau ina buluu ndani yake na itaanza kutoboka. Vaeni ya kahawia.

Hata hivyo, kama sisi ndio tungekuwa ninyi, kitambaa tungekiacha kabisa. Mnachotaka ni jitu lionekane kubwa kando ya mtu, na hilo simu inalifanya bila programu. Msimamisheni jitu mita 2 kutoka kwenye kamera, na mtu wa kawaida mita 3, upande mwingine wa fremu. Ukubwa kwenye picha hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo jitu litaonekana mara moja na nusu ya mwenzake: kijana wa mita 1.75 anakuwa kama mita 2.6. Kamera iwe kwenye stendi, chini kidogo ya kiuno. Fungeni foukasi na mwanga visibadilike vyenyewe. Pigeni kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa sababu miguu ikionekana ardhi inatoa siri.

Panapoharibika ni macho. Waigizaji hutazamana kwa kweli, na kwenye picha inaonekana mmoja anaangalia ukutani. Mtu wa nyuma atazame alama iliyowekwa juu, pale ambapo uso wa jitu unaangukia kwenye skrini. Jitu nalo litazame chini, kwenye nafasi tupu iliyo kando yake. Mmoja wenu akae kwenye simu awaelekeze: "Juu kidogo. Kushoto. Hapo hapo."

Uzito ni jambo la pili. Mtu akitembea kawaida huku amepakwa rangi, anabaki mtu aliyepakwa rangi. Pigeni kwa fremu 50 au 60 kwa sekunde, kisha muicheze kwa nusu ya kasi. Kitu kikubwa huchukua muda kuanguka na kuinuka, na jicho linalijua hilo. Ila kama mko ndani chini ya taa za umeme, tumieni 50, na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, iwe sekunde 1/50 au 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu humetameta mara mbili ya mpigo huo, yaani mara 100 kwa sekunde. Ukienda na 60, ukuta mzima utakuwa unapepesa.

Rangi sasa. Tumieni rangi ya uso inayoyeyuka kwa maji. Rangi ya ukutani, ya mafuta au wino wa printa ni hapana, na rangi ya chakula itamwacha kijana wa watu kijani kwa siku kadhaa. Jaribuni kwanza upande wa ndani wa mkono, mngoje saa 24 kuona kama ngozi inawasha. Kijani cha kopo kikiwa peke yake huonekana kama plastiki. Changanyeni na kahawia kidogo sana, mpaka kifanane na jani la mwembe lililokomaa. Tabaka mbili nyembamba kwa sponji yenye unyevu, dakika 10 katikati. Tabaka moja nene hupasuka shingoni na kwenye viwiko. Malizeni kwa poda isiyo na rangi, maana kwa joto la Dar jasho litaanza kuchora mistari kabla hamjasema "Kamera!". Anzeni saa 12 asubuhi kupaka, mpige kati ya saa 2 na saa 4, kivulini. Viganja vipakwe mwisho kabisa, kwa sababu kila atakachoshika kitakuwa cha kijani. Na pakeni sehemu inayoonekana kwenye fremu tu. Picha za Banner akiwa mtu zote zimalizeni kabla ya kufungua kopo.

Shati litachanikaje vizuri? Na kwa nini suruali haichaniki?
*Kikundi hicho hicho, barua ya pili*

Shati msilipasue kwa nguvu za mikono. Pamba nzuri haikubali, na mwigizaji atabaki anahangaika kama anayevua mfuko wa godoro. Nunueni mashati meupe ya shule, matatu yanayofanana; mitumbani Karume mtapata moja zuri, lakini la pili linalofanana nalo hamtalipata, na picha ya kwanza karibu kila mara huharibika. Fundueni mshono wa mgongoni na wa mabegani wote, kisha mshikize kwa uzi dhaifu, mshono mmoja mrefu kila sentimita 3. Kifuani, sugueni kwa msasa upande wa ndani mpaka mwanga upite, halafu mchane kwa wembe vijia vya sentimita 2, viende sambamba na nyuzi za kitambaa. Vifungo vikatwe nyuzi na kugandishwa kwa gundi kidogo. Mwigizaji avute pumzi, akunje mabega mbele, afungue ghafla. Kitambaa kiwe pamba tupu: polista hunyumbuka, haitoi hata ule mlio.

Pigeni mara tatu, kila shati kwa pembe yake: mgongo, kifua, kisha mkono peke yake karibu kabisa. Televisheni ya miaka ile ilifanya hivyo hivyo, vipande vifupi vifupi vya mshono unaoachia na kiatu kinachopasuka, kwa sababu mwili mzima ukionyeshwa ukigeuka kwa mara moja bajeti ilikuwa haitoshi. Na hivyo vipande ndivyo watu wanavyovikumbuka.

Suruali? Katuni zilihitaji kuuzwa kwa watoto, na mwaka 1962 vitabu hivyo vilipitia kwa wakaguzi wa maadili kabla ya kuingia sokoni. Hiyo ndiyo sababu yote. Nyingine zilibuniwa baadaye kuficha aibu; filamu ya 2008 angalau inamwonyesha Banner sokoni akitafuta suruali ya kuvutika. Kwa filamu yenu, nunueni suruali iliyozidi kiuno cha mwigizaji kwa saizi mbili, fundi aweke mpira kiunoni, mkate kuanzia chini ya goti na mfumue pindo kwa sindano. Ndani yake avae bukta ya kahawia. Kwa tahadhari.